Kuna mtu kanifutia mwaka mzima wa gemu kwa kidole gumba cha mguu

Wakuu, nimetoka banda la gemu sasa hivi. Naandika usiku huu huu kwa sababu nikilala nitaamka nimesamehe, na sitaki kusamehe.

Jina sitaji. Wa njia ile wote mnamjua. Yule yule anayejiita kocha, anayekuja na taulo shingoni wakati hata jasho hatoki, na kila siku lazima akae kiti cha karibu na ekstensheni. Leo ndiyo nimejua kwa nini anakipenda kile kiti.

Dakika ya 88. Naongoza 3–2. Yeye Real Madrid, mimi Arsenal. Akanyoosha mguu taratibu, kandambili akaiacha pembeni, akachomoa plagi kwa kidole gumba. KWA KIDOLE GUMBA. TV nyeusi. Halafu akanigeukia na uso mkavu: "Aah, umeme huo."

Umeme gani? Feni ilikuwa inazunguka! Ilikuwa inampepea yeye mwenyewe kisogoni! TV ya pili madogo wanatwangana Tekken, ile gemu ya ngumi, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Umeme ulikatika kwangu peke yangu, nchi nzima ikaendelea kuwaka!

Na msiniambie "ni mechi moja tu". Huu mwaka 2024 tumeuanza na mgao. Januari ile tulikuwa tunakaa gizani tunangoja umeme urudi, mwenye banda anaandika majina ya foleni kwa tochi ya simu, ukirudi saa nne usiku tunagombania pedi kama wakimbizi wa mafuta ya taa. Hakuna aliyedhulumu mtu. Februari bwawa la Julius Nyerere likaanza kuingiza umeme kwenye gridi, tukapumua. Yaani serikali imejenga bwawa la megawati 2,115, maji ya Rufiji yote yale, ili mtu mmoja aje azime gemu kwa mguu?

Halafu Septemba ikaja FC 25, toleo jipya la gemu yetu ya mpira. Mbappé ameshahamia Real, yuko na Vinícius na Bellingham. Tangu siku hiyo hakuna binadamu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa Real Madrid. Ukiichagua anakwambia "hiyo ya wakubwa, dogo". Mimi nimekomaa na Arsenal yangu, nimepigwa mkono mara ngapi, nimeachia pedi mara ngapi, jero zangu zimejenga lile banda. Sikuwahi kuchomoa waya.

Leo ndiyo ilikuwa mechi ya kufunga mwaka. Ligi yetu inaandikwa kwenye daftari tangu Januari, na mshindi wa leo ndiye anamaliza wa kwanza. Dakika ya 81 Saka kapokea upande wa kulia, kaingia ndani, kaupiga kwa kushoto ukazunguka hadi nguzo ya mbali. Banda zima lilisimama. Muuza mihogo wa nje alichungulia! Nikamwona jamaa anaangalia chini, nikadhani ana huzuni. Kumbe anapima umbali wa plagi.

Mnajua mechi ya kawaida ikizimwa katikati hakuna kinachobaki. Hakuna matokeo, hakuna marudio, goli la Saka halipo popote duniani. Na mwenye banda wakati huo katoka kufuata vocha. Jamaa akalidaka daftari, akapanda juu ya benchi, akaanza kutusomea tathmini ya mwaka. Mfungaji bora wa mwaka: yeye. Kocha bora: yeye. Beki bora: yeye, na mabeki wake wanachezeshwa na kompyuta! Alipofika kwetu akasoma: "Mechi imefutwa, hitilafu ya umeme." Watu wakapiga makofi. Akabeba kreti ya soda.

Feni ilikuwa inazunguka, wakuu.

Siti ya Mbele: Nimeshakaa. Karanga nimenunua. Endelea mkuu.

Tatu Bila: Gazeti lote hili kwa ajili ya kreti ya soda? Si ungeniambia nikununulie moja ulale?

Mwenye uzi: Siyo soda! Angechukua soda akaniachia 3–2 yangu kwenye daftari! Mtu anachomoa plagi dakika ya 88 halafu anapigiwa makofi, nyie mnaona sawa?

Mkaa Benchi: Nilikuwepo. Kidole nilikiona kwa macho yangu. Ila lile goli la Saka naona kama alikuwa ameotea.

Mwenye uzi: Ameotea vipi wakati gemu yenyewe ina mwamuzi na haikupiga kipenga? Mbona hukusema pale ulipokiona kidole?

Mkaa Benchi: Kaniahidi soda mbili.

Simba wa Pedi: 😂😂😂 Kesi imeisha hiyo.

Mstaafu wa PES: Mnalia na plagi. Sisi tuliporwa gemu nzima mchana kweupe. 2021 Konami wakaifuta PES, gemu yetu ya mpira, wakatuletea eFootball. Siku inatoka nyuso za Messi na Ronaldo zinatisha, mchezaji anakimbia mikono imelegea kama yuko kwenye maombi. Wakaiondoa na Master League, ile ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, hadi leo tunaingoja. Mimi mwaka wangu wote wa 2024 nimeumaliza na PES 2013 na sijutii hata siku moja.

Tatu Bila: Mzee wa PES kafika. Haya, tunaanza upya.

Dogo wa Jero: Samahani wakubwa, FIFA 25 inapatikana kwa PS3?

Simba wa Pedi: Dogo, FIFA iliishia 23. Kuanzia pale inaitwa FC. Na PS3 hiyo kawekee vitambaa, iwe pambo la sebuleni.

Mstaafu wa PES: Usimcheke mtoto. PS3 inacheza PES 2013 vizuri sana.

Mama Tekken: Nyinyi mna haki ya kulia? Bandani kwetu nikiwatandika wanaume wanasema "anabonyeza bonyeza tu". Mwaka mzima! Jin, mpiganaji wangu, anajua anachofanya, mwanaume anapigwa raundi tatu mfululizo halafu anasema pedi mbovu. Mwenzako kachomoa waya, angalau kakiri kwamba unamfunga.

Mwenye uzi: Dada, umeona? Mwenye akili pekee kwenye uzi huu. Alijua nimemfunga ndiyo maana akanyoosha mguu. Dakika ya 88!

Mngoja Sita: Mimi mwaka wangu wa gemu ni kungoja tu. GTA V imetoka 2013 nikiwa shule ya msingi. Trela ya VI wameitoa Desemba 2023 wakaandika 2025. Sasa nina mtoto. Nahofia atakayeicheza ni yeye, mimi nitakuwa naomba zamu.

Siti ya Mbele: Shukuru unangoja. Kuna gemu inaitwa Concord, imetoka Agosti 23 mwaka huu, Septemba 6 ikazimwa. Wiki mbili! Mbuzi wa Iddi anakaa muda mrefu kuliko hiyo. Walionunua wakarudishiwa hela.

Mngoja Sita: Sasa hao si wamechomolewa plagi na kiwanda chenyewe?

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye kidole. Kesho naenda bandani nataka daftari lisahihishwe. Nani anakuja kunishuhudia?

Mkaa Benchi: Kesho nina msiba.

Simba wa Pedi: Mimi mbali.

Bando Limeisha: Wakuu, samahani kutoka nje ya mada. Nacheza kwenye simu, kila wiki sasisho. Bando la wiki linaisha siku moja na bado sijagusa mpira. Kuna njia?

Tatu Bila: Kapakue kwa jirani mwenye waifai. Mpelekee mayai.

Dogo wa Jero: Na pedi yangu kijiti cha kushoto kinasukuma juu chenyewe. Kipa anatoka golini bila kuambiwa.

Mama Tekken: Dogo, hilo ni vumbi. Chukua spiriti ya famasi, chovya pamba ya masikio, zungushia chini ya kijiti huku unakizungusha, acha ikauke kabisa kabla hujawasha.

Mwenye uzi: FENI ILIKUWA INAZUNGUKA.

Dogo wa Jero: Asante dada. Na isipokubali?

Mama Tekken: Peleka kwa fundi simu abadilishe kijiti. Usikubali akuuzie pedi nzima.