Nimegusa "Kataa", video ikapiga kelele!

Wakuu, ile tovuti mnaijua nyote, sina haja ya kuitaja. Ukurasa unafunguka kimya. Kinajitokeza kile kibao cha vidakuzi (cookies), unagusa "Kataa", na papo hapo video inalipuka kwa sauti ya kuamsha wafu. Unagusa KATAA!

Na msiniambie ni hitilafu. Chrome ilianza kuzuia video zenye sauti zisijiwashe tangu toleo la 66, mwaka 2018, mpaka mtu aguse ukurasa. Firefox ikafuata 2019. Kwa hiyo hawa wakatega play(), amri ya kuwasha video, kwenye mguso wa kwanza, popote utakapotua. Brauza inaona kidole, inahesabu mwenye kidole karuhusu. Kidole chenyewe kilikuwa juu ya Kataa!

Anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona, ndiye anaumia zaidi: kelele zinaimeza sauti inayomsomea, kitufe cha kuzima atakipataje? WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unataka sauti inayojianza na kuzidi sekunde 3 iwe na njia ya kusimamishwa au kupunguzwa. Kitufe cha hawa kiko konani, kidogo kama chawa. Kataa, jamani. Kataa!

Jibu 1: Mkuu, unalia na Firefox ipo? Kwenye kompyuta andika about:config pale pa anwani, tafuta media.autoplay.default, weka 5. Inazuia zote, hata zisizo na sauti.

Jibu 2: Haitamsaidia. Hiyo 5 inazuia kabla ya mguso, na hapa play() inaitwa ndani ya mguso wenyewe. Dawa ni kunyamazisha tabo kabla hujagusa chochote: Ctrl+M kwenye Firefox. Kwenye Chrome bofya kulia juu ya tabo, nyamazisha tovuti.

Jibu 3: Mtoa mada, yaani kelele tu ndizo zimekutoa povu hivyo? Bando je? Zile za kimya zina muted, neno la kuzima sauti, kwa hiyo brauza inaziachia. Ukisogeza chini zinakufuata hadi kona ya skrini na zinaendelea kunyonya.

Jibu 4: Wabaya ni watengeneza tovuti wanaoandika autoplay="false" kwenye kodi ya video wakidhani wamezima kujiwasha. Neno autoplay likiwepo tu, video inajiwasha, hata mbele yake uandike nini. Kuzima ni kulifuta lote!

Jibu 5: @Jibu 4 na wanaosahau playsinline, neno la kuchezesha video ndani ya ukurasa. Kwenye iPhone video haijiwashi hata ikiwa muted, na ukiigusa inajaza skrini nzima. Halafu wanalaumu simu.

Jibu 6: Video mnaziweza. Wale wanaoomba kukutumia arifa hujasoma hata mstari mmoja?

Jibu 7: Hao ndio wezi wa muda hasa! Chrome: mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, zima maombi yote.

Jibu 8: Nimezima. Sasa wanaotaka barua pepe yako kabla ya aya ya pili wanazimwa wapi?