Hospitali ya wavaa tarbushi: kuna anayewajua hawa?

MamaNaifa (Columbus, Ohio)
Hamjambo wenzangu. Mtoto wa mdogo wangu ana miezi minne, mguu wake wa kushoto umepinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Daktari katuandikia twende hospitali ya Shriners, Dayton. Nimefungua picha zao nikakuta wazee wa Kizungu wamevaa tarbushi nyekundu zenye mwezi na upanga, utadhani wanakwenda Maulidi Lamu. Nimempigia mama Mombasa, kaniuliza, "Hao si Frimasoni? Mtoto asipelekwe." Na mdogo wangu bima hana. Nifanye nini?

Kibe_wa_Tandika
Dada, cha bure hakikosi kafara. Mimi simo.

BabuGalveston
MamaNaifa, mamako hajakosea, na mtoto apelekwe.

Mimi nimeshuka melini Galveston, Texas, nikiwa mpishi, mtu wa Malindi ya Unguja, na mara ya kwanza kuona zile tarbushi kwenye gwaride nilitoa salamu. Hakuna aliyeitikia. Chama chao, hao Shriners, kilianzishwa New York mwaka 1872, na kuingia lazima kwanza uwe Frimasoni. Mmoja wa waanzilishi, Billy Florence, alikuwa mwigizaji. Husimuliwa kwamba alialikwa karamu ya mwanadiplomasia wa Kiarabu huko Marseille akapenda alichokiona. Mavazi ni hayo, dini hamna.

Karibu miaka hamsini kazi yao kubwa ilikuwa magwaride na karamu. Mwaka 1920 wakakutana Portland, Oregon. Kiongozi wao, Freeland Kendrick, alitaka kila mwanachama atoe dola 2 kwa mwaka wajenge hospitali ya watoto, maana polio ilikuwa ikilemaza watoto ovyo. Wengine wakaguna. Akasimama Forrest Adair wa Atlanta, akaeleza kwamba alfajiri alikuwa macho kitandani: chini ya dirisha la hoteli mtu alikuwa akipiga tarumbeta, wimbo wa "I'm Forever Blowing Bubbles", yaani napuliza mapovu daima. Akawauliza, na sisi je, si tunapuliza mapovu tu? Azimio likapita.

Hospitali ya kwanza ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922. Na mgonjwa wa kwanza, MamaNaifa, alikuwa mtoto wa kike mwenye mguu uliopinda kama wa kwenu. Alikwishazoea kutembea kwa mgongo wa mguu.

Chanjo ilipopunguza polio, wakageukia watoto walioungua. Hii ya hapa Galveston ni ya mwaka 1966. Mjukuu wa jirani yangu alimwagikiwa na mafuta ya kukaangia, akatibiwa humo, na leo ananibebea mifuko ya sokoni. Kimbunga Ike kilipoipiga mwaka 2008 ikasimamisha kazi. Kufungwa moja kwa moja kulikuwa mezani, wanachama wakapiga kura Julai 2009 ibaki.

Fundi_Saa
Babu kasema kweli ila kaacha pesa. Bima hawakuwa wakiidai kabisa. Tangu 2011 wanaitoza ukiwa nayo. Asiyekuwa nayo hafukuzwi, wanatibu mpaka miaka 18. Na ukinunua tiketi ya sarakasi yao, soma maandishi madogo: mara nyingi fedha ile ni ya kuendesha klabu yao ya mtaani, haifiki hospitalini. Mimi niliona baada ya kununua nne.

BabuGalveston
Hilo kweli. Mimi sarakasi siendi, simba wananitia huruma.

MamaNaifa
Shikamoo babu, ahsante. Nimewapigia. Bima waliuliza mara moja, nikasema hana, wakaendelea na tarehe ya kuzaliwa. Atafungwa plasta ngumu ya kunyoosha mguu, inabadilishwa kila wiki, hivyo safari zitakuwa nyingi. Wakaniambia wana watu wa kujitolea wanaochukua wagonjwa kwa gari. Nimemuuliza yule binti wa kwenye simu, dereva atavaa tarbushi? Kacheka.

Mama nimemsomea yote haya. Kasema haya, aende, lakini asomewe Ayatul Kursi kabla hajapanda gari, na dereva naye asubiri imalizike.