Begi gani la mgongoni litanifaa kwa hija ya miguu, Busia hadi Namugongo?

Binti wa Nambale

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Parokia yetu imeniandikisha kwenye kundi la kutembea hadi Namugongo, karibu na Kampala, kwa sherehe ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Tunavukia mpakani Busia, halafu Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono, mpaka tufike. Ni chini kidogo ya kilomita 200, na viongozi wamepanga tutembee kama kilomita 25 kwa siku. Nimeitamani hija hii tangu nikiwa kwaya ya watoto, kwa hiyo sitaki begi ndilo linirudishe nyumbani.

Nina kilo 58, ni mfupi, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye cherehani kutwa. Duka moja mjini walinionyesha begi la lita 65, muuzaji akasema kubwa halikosi nafasi. Kaka yangu naye anataka nichukue lake la shule. Nina shilingi 3,500 tu za Kenya za kutumia.

Ninavyotaka kubeba: blanketi, nguo za siku tano, gauni la Misa ya tarehe tatu na viatu vyake, Biblia, kitabu cha nyimbo, taulo, beseni dogo, chakula kikavu, maji, na jerikeni ya lita tano ya kurudi na maji ya Namugongo. Begi liwe la lita ngapi? Na mtumba unaaminika?

Katekista Mstaafu

Milele amina, binti yangu. Hilo la lita 65 liache hapo hapo dukani. Nafasi ikiwepo utaijaza, na kila ulichojaza kitakuwa juu yako ukipanda vilima vya Mabira.

Kabla ya kutafuta begi, tafuta mizani. Kusanya vitu vyote, upeleke kwenye posho mill wakupimie. Tunaowaongoza mahujaji huwa tunawaambia mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu. Kwako wewe ni chini ya kilo sita, na hapo nahesabu begi lenyewe na maji ya kunywa. Lita moja na nusu ya maji tayari ni kilo moja na nusu.

Sasa orodha yako. Blanketi libaki nyumbani, chukua shuka. Nguo ni ile uliyovaa na nyingine moja. Unafua jioni, na isiyokauka unaitundika mgongoni kesho yake ikauke ukitembea. Viatu vya Misa hapana, ndara zinatosha, na ndizo utakazovaa jioni miguu ikivimba. Gauni likiwa jepesi nimekuruhusu, maana najua siku ile ni kubwa kwako. Beseni moja linatosha watu kumi. Jerikeni usiibebe kabisa, wachuuzi wanaziuza pale pale, na maji yakishatekwa utarudi nayo kwa basi.

Muulize kiongozi kama kutakuwa na gari la kusindikiza. Makundi mengi huwa nalo. Hata hivyo, dawa, maji, koti la mvua na kitambulisho vikae mwilini mwako, kwa kuwa gari hutangulia na mvua haisubiri.

Leso na Rozari

Mzee wangu, kwa heshima zote, mbona tunaifanya hija kuwa safari ya watalii? Mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake, ndio Mashahidi hao, walitembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa kamba. Mama zetu walikwenda na kifurushi cha leso kichwani. Dada, chukua begi la kaka yako, na hizo 3,500 mpe mjane wa jumuiya yenu. Hija ni sadaka, na sadaka huuma.

Muuguzi wa Kakamega

Dada Leso, nimeyapokea uliyosema kuhusu mjane, na ni kweli makundi yetu hununua vitu vingi visivyohitajika. Ila nimewahi kukaa kwenye kituo cha huduma ya kwanza njiani, na waliokuja kwangu siku ya pili wengi walikuwa wa begi la shule. Lile halina mkanda wa nyonga, mzigo wote unaning'inia mabegani. Shingo inakaza, vidole vinakufa ganzi, mtu anaanza kutembea ameinama, na akiinama hivyo uzito unahamia mbele ya nyayo, malengelenge yanafuata. Kisha kundi zima linasimama kumsubiri. Maumivu hayo hayamjengi mtu yeyote kiroho.

Binti, lita si jambo la kwanza. Kwanza mgongo wako, kwa kuwa wewe ni mfupi. Inamisha kichwa, utagusa mfupa unaotokeza chini ya shingo. Halafu shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, viganja vikikaa juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akupime kwa utepe wako wa cherehani kutoka mfupa ule wa shingo hadi katikati ya vidole gumba. Ndiyo urefu wa mgongo wako, na begi lazima liukubali urefu huo kutoka mikanda ya mabegani inaposhonewa hadi mkanda wa kiunoni. Mabegi mengi ya wanaume yatakuzidi. Mkanda utashuka kwenye makalio na hautabeba chochote.

Ukilijaribu, liwe na mzigo ndani. Kilo tano za unga zinatosha. Funga mkanda wa nyonga kwanza, ukae juu ya mifupa wala si tumboni, ndipo uvute mikanda ya mabegani. Ukiweza kupitisha vidole kati ya mkanda na bega bila kuung'ang'ania, uzito umeshuka kwenye nyonga, na nyonga zina nguvu kuliko mabega. Mkanda wa kifuani unafungwa mwisho, usibane pumzi. Tembea nalo nusu saa. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Fundi Mikoba Kibuye

Niongee upande wa mtumba, maana ndiyo kazi yangu. Kwa 3,500 mtumba utakupa begi zuri kuliko jipya la bei hiyo. Mapya mengi ya bei hiyo yana mkanda wa kiunoni wa mapambo, utepe mtupu usio na sponji. Huo unazuia begi lisiyumbe tu, haubebi.

Fika asubuhi, ulitazame begi kwenye mwanga. Ligeuze ndani nje. Kama kitambaa kinanata au kinabanduka maganda meupe, ule utando wa kuzuia maji umekufa, na hakuna fundi anayeurudisha. Liache hata likiwa rahisi. Minya sponji ya mabega na ya kiuno kwa kidole gumba, isiporudi, imekufa. Hiyo tunaweza kubadilisha, lakini ongeza gharama. Vuta mikanda kwa nguvu pale inaposhonewa juu ya mgongo, ndipo begi hukatikia, na utazame kama uzi umeanza kufunguka. Fungua na ufunge kila zipu kona hadi kona. Zipu iliyochoka kichwa ni kazi ya dakika chache; zipu iliyong'oka meno ni kazi ya siku nzima. Vifungo vya plastiki vikivunjika vipuri vipo, usilikatae begi kwa ajili hiyo.

Na usilifue kwa maji ya moto wala jiki. Maji baridi, sabuni kidogo, brashi laini, ulianike kivulini.

Dada wa Köln

Salamu kutoka Ujerumani. Mimi nilitembea Hispania, ile njia ya Mtakatifu Yakobo hadi Santiago de Compostela. Ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa ni karibu kilomita 780. Ushauri wa mtandaoni kuhusu mabegi ya hija mwingi umeandikwa kwa ajili ya njia hiyo, kwa hiyo uusome kwa uangalifu. Kule karibu kila kijiji kina hosteli ya mahujaji yenye vitanda, na ukichoka unalipa begi litangulie kwa gari. Ndiyo sababu wanasema lita 30 zinatosha.

Ninyi mtalala kwenye kumbi za parokia na madarasa, chini. Unahitaji mkeka mwembamba na shuka, na hivyo vinakula nafasi kuliko uzito. Ningesema lita 35 hadi 40. Mkeka ufunge nje, wima ubavuni au chini ya begi. Ukiulaza juu utakugonga kisogo. Vitu vizito kama Biblia na chakula viwe katikati, vimegusana na mgongo. Shuka chini kabisa. Koti la mvua juu.

Msafiri wa Kagera

Sisi huvukia Mutukula tukapita Masaka, njia tofauti lakini mvua ni ile ile. Mwisho wa Mei bado inanyesha. Kile kifuniko cha begi hakitoshi, maji hupita upande wa mgongoni. Kata karatasi nzito ya nailoni inayouzwa kwa mita, itandaze ndani ya begi, vitu viingie humo, kisha ukunje mdomo.

Njia yenu ya Busia ina malori mengi, nanyi mtaondoka alfajiri. Begi jeusi halionekani. Lishonee utepe unaong'aa nyuma, hata kama una koti la kuakisi mwanga, kwa sababu begi hulifunika. Simu, pesa na kitambulisho viwe kwenye kipochi cha kiunoni na ulale navyo.

Binti wa Nambale

Mungu awabariki. Nimepima. Orodha yangu ya mwanzo ilikuwa kilo 11 na nusu bila maji wala jerikeni! Sasa, pamoja na begi na maji, ni kilo 6 na gramu 200, na gauni limo. Kitabu cha nyimbo tutatumia kimoja na jirani yangu. Dada Leso, nimekusikia: nimepata mtumba wa lita 38 kwa 2,200, na kinachobaki kinakwenda pale uliposema.

Mgongo wangu ni sentimita 41 na begi linakubali. Tatizo ni mkanda wa nyonga: nikiuvuta hadi mwisho bado unacheza, sponji za pande mbili zinagusana mbele. Naweza kuupunguza mwenyewe kwa cherehani yangu?

Fundi Mikoba Kibuye

Unaweza, lakini usikate mbele kwenye kifungo. Sponji zikigusana, tatizo ni sponji, si utepe. Fumua kule nyuma inakoingia kwenye mgongo wa begi, ingiza kila upande ndani sentimita tatu, halafu shona kwa uzi wa nailoni na sindano namba 18, mstari wa mraba wenye msalaba katikati, mara mbili. Cherehani ya nyumbani ikikataa unene huo usiilazimishe, mpelekee fundi viatu ashone kwa mkono. Ukimaliza, weka unga ndani tena na utembee nalo hadi kanisani Jumapili kabla ya siku ya kuondoka.

Leso na Rozari

Asante, dada. Tutaonana Bugiri, kundi letu linalala hapo pia.