Lifti 3, watu 600, foleni hadi nje: tuongeze ya nne?

Msimamizi_Jengo
Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Jengo la ofisi hapa Dar, ghorofa 12 juu ya ile ya chini, wafanyakazi kama 600. Lifti ni 3, kila moja kilo 1,000 (watu 13), kasi mita 1.6 kwa sekunde. Saa 1:40 hadi 2:10 asubuhi foleni inafika mlango wa nje. Wenye jengo wanataka lifti ya nne. Kabla hawajatoa hela, nichunguze nini?

Hesabu_Kwanza
Mkuu, lifti ya watu 13 haibebi 13. Mabegi yanakula nafasi na watu hawapendi kubanana, kwa hiyo weka 10. Watu 10 wakienda ghorofa 12 tofauti, kwa wastani wataisimamisha mara 7, na safari nyingi zitafika ya 11 au ya 12.

Kwa kimo cha mita 3.3 kila ghorofa, kupanda na kushuka ni sekunde 47. Vituo 8 ukihesabu na cha chini, kila kimoja sekunde 8 za milango, kuondoka na kupunguza mwendo, ni 64. Watu kuingia na kutoka, 24. Mzunguko mzima ni sekunde 135, kwa hiyo lifti 3 zikipishana vizuri, moja inaondoka chini kila baada ya sekunde 45. Hapo unapandisha watu 67 kwa dakika 5, yaani asilimia 11 ya wote. Ofisi kwa kawaida husanifiwa kwa asilimia 12 hadi 15. Umepungukiwa kidogo tu, na kinachokula muda ni kusimama, si kasi. Akija mtu kukuuzia mota ya kasi zaidi, mkatalie.

Halafu hesabu watu kwa vipande vya dakika 5, ukiwa mlango wa jengo. Ukiwahesabu wanapoingia kwenye lifti utapata uwezo wa lifti, hutajua waliofika ni wangapi. Watu hawaji mmoja mmoja: basi la mwendokasi likishusha, wanaingia 30 kwa mkupuo. Wastani wa saa nzima unaficha hilo.

Fundi_wa_Lifti
Naongezea. Sekunde 8 za kituo ni za mlango usio na hitilafu. Chuchumaa uangalie mfereji wa chini ya mlango kila ghorofa. Changarawe moja humo inatosha: mlango unafunga, unakwama, unafunguka tena, na sekunde 5 au zaidi zimekwenda. Futa pia vumbi kwenye sensa (vihisio) za pembeni mwa mlango kwa kitambaa laini kikavu, maana zikichafuka zinadhani kuna mtu.

Kisha mwambie anayewafanyia sevisi akague sensa ya uzito. Lifti ikijaa kama asilimia 80 inatakiwa ipite bila kuitikia miito ya njiani. Sensa isipopima sawasawa, lifti inasimama, mlango unafunguka, hakuna anayeweza kuingia. Na asubuhi zote 3 ziwekwe zirudi chini zenyewe zikimaliza kushusha.

Swali: vitufe vya kuitia lifti ni vya pamoja?

Msimamizi_Jengo
Hapana, kila lifti ina kitufe chake. Watu wanabonyeza vyote vitatu.

Fundi_wa_Lifti
Basi anzia hapo! Mtu mmoja anaita lifti 3. Moja inambeba, mbili zinasimama bure. Ziunganishwe chini ya udhibiti mmoja ili wito mmoja uitikiwe na lifti moja. Mitambo ikiwa ya zamani sana huenda ukalazimika kubadili paneli, lakini bado ni nafuu kuliko kujenga shimo jipya la lifti.

Mama_Ofisi
Nasimamia majengo pia. Msiache mchana. Saa 7 wengine wanashuka kula, wengine wanarudi, na Ijumaa wanaokwenda swala wanatoka kwa pamoja. Lifti inasimama ikipanda na ikishuka, kwa hiyo ni mtihani mkubwa kuliko asubuhi. Wabandikieni tangazo: anayeshuka abonyeze mshale wa chini tu. Akibonyeza yote miwili, lifti inayopanda nayo itamsimamia bure.

Kugawa ghorofa za shufwa na za witiri kunapunguza vituo, ila kwa lifti 3 siwashauri. Upande mmoja utabaki na lifti moja, na siku ikiharibika, hao wote ni ngazi.

Hesabu_Kwanza
Nakubaliana na Mama. Kwa rekodi, ukiwa na lifti 4 ungepandisha watu 89 kwa dakika 5, karibu asilimia 15. Rekebisha milango na vitufe, uhesabu upya kwa wiki mbili, ndipo uwapelekee wenye jengo namba za kabla na za baada ya marekebisho.