Tupeane uzoefu: kifaa cha kwanza ulichojitengenezea, kilitumika ao kilikuunguzia?

Fundi_wa_Ndosho (Goma)
Bandugu, wacha nianze mimi, kisha kila mutu alete yake, hata kama ni ya aibu.

Mi nilianza 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa 5, siku chache nyuma tukaambiwa tutoke muji, tukakimbilia Sake, simu zote za nyumba zikazima njiani, hatukujua yaya yetu amepitia wapi mpaka kesho yake. Kurudi Goma nikasema hapana, hii haitanipata tena. Nikaanza kukusanya batri za laptop zilizokufa, nijitengenezee chaja ya simu. Ukipasua ile plastiki unakuta mara mingi seli 6 za 18650, yaani milimita 18 unene na 65 urefu, na si zote zimekufa, ni 2 ao 3 tu zinaangusha wenzake. Napima na testeri, yenye iko chini ya volti 2 naweka pembeni siigusi tena, zingine nachaji mpaka 4.2 basi.

Kosa langu njo hili. Bati lote la inje la ile seli ni hasi, mpaka kwa mabega kabisa karibu na kichwa cha chanya, kinachotenganisha ni ile ngozi nyembamba ya plastiki peke yake. Mi nikasude waya palepale na fere ya wati 60 (ile chuma ya moto ya kusudea), nikakaza muda mrefu juu etani, yaani ile risasi inayoyeyuka, ilikuwa inakataa kushika, ngozi ikayeyuka, waya ikalala kwa bega. Haikulia hata. Niliona tu plastiki ya waya inachuruzika kama mshumaa, nikaikamata na koleo nikatupa kwa mawe inje ya parsele. Kidole kina alama mpaka leo. Sasa natumia vile viboksi vya kuchomekea seli bila kusude, na fuzi kwa kila laini.

Mama_Furaha (Bukavu, Kadutu)
Yangu ni kuveuse ya mayai. Sanduku ya frigolite, ampuli 2, na katermostati ka volti 12 kenye namba nyekundu, kanawasha na kuzima kufuata joto, nikaweka 37.5. Mayai 30. Kila saa nachungulia, 37.5, 37.4, 37.5, nikaanza kujivuna kwa majirani. Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 vifaranga 3, basi. Kumbe sonda, ile waya ya kupima joto, nilikuwa nimeipachika juu karibu na ampuli, yenyewe inasikia joto inazima, na mayai huku chini yanasikia baridi! Mama mukwe akachungulia akaniuliza: "Mama Furaha, sasa hii omleti tunakula lini?"

Mara ya pili nikashusha sonda kwa usawa wa mayai, nikaongeza kaventilateri ka kompyuta ka kuzungusha hewa na kopo ya maji. 22 kwa 30. Hakuna mwenye kucheka tena.

Wa_Katuba (Lubumbashi)
Mukubwa wa Ndosho, pole na kidole. Kobalti, ile madini ya ndani ya hizo seli, pengine ilitoka huku kwetu Kolwezi, ikazunguka dunia yote, ikakurudilia kukuunguza.

Mi nilichukua onduleri kuukuu ya kompyuta, ile mashini inashikilia kompyuta umeme ukikatika, batri yake ya ndani ni ya 7 Ah (Ah ni ampere-saa, kipimo cha umeme batri inabeba), nikatoa waya inje nikafunga batri ya gari ya 70 Ah, nikajisifu sasa tunaangalia mupira mpaka mwisho. Dakika 40 hivi ikaanza kunuka. Ile mashini ilitengenezwa upate muda wa kuhifadhi kazi yako na kuzima kompyuta, haikupangwa kupika saa mingi. Na chaja yake ni ya ile batri ndogo, 70 Ah inaijaza usiku na mchana na bado. Batri yenyewe ikafa kisha miezi michache juu batri ya gari haipendi kukamuliwa mpaka chini.

Ibanda_Boy (Bukavu)
Kondensata, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, nilibadilisha chanya na hasi. Pa! Karatasi zikajaa kwa nywele. Sina mengine.

Majengo_Sauti (Goma)
Bayaya nisaidieni, amplifaya nilijitengenezea na alimantasio ya kompyuta (kile kisanduku kinachoipatia umeme), sauti safi, lakini ukigusa bati peku inakuuma uma.

Fundi_wa_Ndosho (Goma)
Petí, ile alimantasio ina kondensata ndogo zinazounga laini zote mbili za umeme na bati. Bila tere, yaani waya ya kuunga bati na udongo, bati linabaki na nusu ya volti za ukuta, 110 hivi, ampere kidogo sana, njo maana inauma tu. Lakini ikipiga kwa nguvu, chomoa, hiyo ni waya inagusa mahali. Shida yetu Goma ni tere yenyewe, chuma haiingii kwa haya mawe ya volkeno, na ikiingia, jiwe kavu halipitishi kitu. Mi nilichimba shimo, nikajaza udongo mweusi na makala, natilia maji kila siku ya yenga. Kama bado hujachimba, vaa sapatu.