Nimealikwa mlo wa jioni kwenye vilima vya mvinyo Italia, nami situmii mvinyo wala nguruwe: niagize nini?

Mama wa Vichanja (Ujiji, Kigoma)

Assalaam alaykum, na salamu nyingi kwa ndugu wasio Waislamu pia.

Mimi ni mkazi wa Ujiji na kazi yangu ni kukausha na kuuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Katikati ya Oktoba, inshallah, nitasafiri na wenzangu wawili kwenda Torino kwa mafunzo ya usindikaji wa samaki wadogo. Wenyeji wetu wametuandikia kwamba jioni ya mwisho watatupeleka Langhe, kwenye vilima vya mizabibu karibu na mji wa Alba, tukale katika mgahawa wa familia moja unaopika vyakula vya asili ya huko. Walituma na orodha ya vyakula. Binti yangu alinisaidia kuipitia kwenye simu, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza: tuliona nyama iitwayo «brasato al Barolo», tukafurahi kwamba ni ya ng'ombe, kisha tukagundua kwamba Barolo ni mvinyo na nyama hiyo hupikwa ndani yake kwa saa kadhaa. Kumbe kukataa glasi hakutoshi, kwa sababu mvinyo umo hata ndani ya sufuria.

Naomba mnifahamishe mambo matatu. Je, kuna chakula halisi cha huko ambacho naweza kula bila shaka moyoni? Nimwambieje mwenyeji bila kumvunjia heshima, maana kwetu mgeni akikataa chakula mwenye nyumba huumia? Na je, ni kweli kwamba sahani huja moja baada ya nyingine na mtu analazimika kuzimaliza zote?

Mpishi wa Zamani (Kigoma Mjini)

Waalaykum salaam, mama yangu. Mimi ni Mkristo, lakini nilifanya kazi jikoni katika mkoa wa Asti, jirani kabisa na huko Langhe unakokwenda, kwa miaka minne, na wenzangu wawili jikoni walikuwa Waislamu kutoka Moroko. Haya ninayokueleza nimeyaona kwa macho.

Nianze na la mwisho kwa sababu ni jepesi. Menyu ya Kiitaliano ina vituo: «antipasti» ndivyo vya kufungulia, «primi» ni tambi au wali, «secondi» ni nyama au samaki, «contorni» ni mboga za pembeni, na «dolci» ni vitamu vya mwisho. Hakuna anayelazimishwa kupita vituo vyote. Ukichagua viwili ukatulia, hakuna atakayekushangaa. Mkate utakaokuta mezani huambatana na malipo madogo ya kila mtu yanayoitwa «coperto», basi mwenzenu yeyote akiyaona kwenye bili asidhani mmeibiwa.

Sasa chakula chenyewe. Mama, kama kuna mtu aliyeumbwa kwa ajili ya «bagna cauda», basi ni muuza dagaa wa Kibirizi. Ni mchuzi wa vitu vitatu tu: kitunguu saumu kingi, mafuta ya zeituni, na «acciughe», samaki wadogo wa baharini wa ukoo mmoja wa mbali na dagaa wetu, wanaohifadhiwa kwa chumvi. Mkoa ule hauna bahari. Zamani wafanyabiashara waliwavusha samaki hao milimani kutoka pwani ya Liguria, na watu wa bonde la Maira walijulikana kwa kazi ya kuwachuuza kijiji kwa kijiji, kama vile dagaa wako wanavyopanda treni hapa wakaliwe Tabora na mbele zaidi. Saumu huwekwa kwenye mafuta juu ya moto mdogo sana, na mpishi hasogei, kwa maana ikigeuka rangi ya kahawia mchuzi wote umekuwa mchungu. Samaki aliyeoshwa chumvi na kutolewa mfupa huingia baadaye, naye hakaangwi bali huyeyuka taratibu kwa kukorogwa na mwiko, mpaka usione tena samaki bali ladha yake tu. Chombo huletwa mezani kikiwa na kimoto chini yake ili mchuzi usipoe. Unachukua kipande cha pilipili hoho, kabichi au kiazi, unachovya, kisha unakikinga kwa mkate ili mafuta yasidondoke njiani. Zamani chombo kilikuwa kimoja katikati na watu wote walichovya humo, na mimi kila nilipowaona nilikumbuka sinia la nyumbani. Mwishoni, mchuzi uliobaki huvunjiwa yai humo humo.

Tahadhari ni moja: wapo wapishi wanaowaosha samaki hao kwa mvinyo badala ya maji, kwa hiyo ulizeni.

Kuhusu vingine, «tajarin» ni tambi nyembamba kama nyuzi, zinazokandwa kwa viini vya mayai, na kilo moja ya unga yaweza kumeza viini 30 na zaidi. Waombe wakuwekee siagi tu na majani ya «salvia», na usikubali «ragù», kwa kuwa rojo hiyo ya nyama mara nyingi huwa na mvinyo na pengine soseji ya nguruwe. «Agnolotti del plin» ni vifuko vidogo vya unga vilivyobanwa kwa vidole, navyo vinapendeza sana, lakini ndani yake nyama za kuoka huchanganywa, na ya nguruwe imo mara nyingi, kwa hiyo uviache. «Risotto», yaani wali wa huko, karibu daima huanza kwa kumwagiwa mvinyo mchele ukiwa bado mkavu. Soseji ya mji wa Bra husifiwa kwamba ni ya ndama, na ni kweli, ila huongezwa mafuta ya nguruwe, na wengi hawalitaji hilo. Hata vijiti vya mkate viitwavyo «grissini» vingine hukandwa kwa «strutto», nayo ni mafuta ya nguruwe. Kwenye vitamu, «bonet», pudini ya kakao, mara nyingi hutiwa ramu, na «panna cotta», pudini ya krimu, hugandishwa kwa jelatini ambayo huenda ikatokana na nguruwe. Keki ya «nocciole», zile njugu za miti ziitwazo kwa Kiingereza «hazelnuts» ambazo Langhe inajivunia, ndiyo iliyo karibu na salama, mradi uwaombe wasikumwagie «zabaione», rojo ya viini vya mayai, maana hiyo ina mvinyo.

Nyama yoyote ya mgahawa wa kawaida kule haikuchinjwa Kiislamu. Hilo unalijua wewe na dini yako, nami sitalisemea.

Mwanafunzi wa Torino (Kasulu)

Shikamoo mama. Naongeza dogo kutokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliingia mgahawa mmoja, nikamwambia mhudumu «senza carne», yaani bila nyama, nikaletewa supu ya maharage. Nilikuwa nimefika nusu bakuli ndipo nilipoona vipande vidogo vya waridi vilivyojificha chini ya maharage: «pancetta», nyama ya tumbo la nguruwe. Mhudumu aliniomba radhi kwa dhati, kwa sababu kwa fikra zake ile haikuwa nyama bali kiungo. Tangu siku hiyo nataja kitu chenyewe kwa jina: «Non mangio maiale e non bevo alcol, neanche in cucina», yaani sili nguruwe wala situmii kileo, hata kile cha kupikia. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi, umkabidhi mhudumu aipeleke jikoni.

La muhimu zaidi, waambie wenyeji wako sasa, kabla hujapanda ndege. Migahawa ya familia kule huwekewa nafasi mapema na jiko hujipanga kwa kuhesabu watu. Ukisema siku tatu kabla, mpishi hulichukulia kama heshima, lakini ukisema sahani ikiwa mezani umempa taabu. Jiko la jioni hufunguliwa kwenye saa moja na nusu usiku, na katikati ya Oktoba jua huwa limekwisha kuzama kabla ya saa moja, kwa hiyo utaweza kuswali Magharibi kabla ya kuondoka. Mlo huchukua saa mbili au tatu.

Mrina Asali (Tabora)

Nami nichangie kidogo, kwa kuwa nilifika Alba miaka michache iliyopita kwa ziara ya wafugaji nyuki. Mtakuwa huko msimu wa «tartufo», uyoga mweupe unaokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni na mipopla, na mbwa ndio wanaounusa. Sisi wa Unyamwezi tunalielewa jambo hilo haraka, maana uyoga wetu wa masika nao hushikamana na mizizi ya miombo, na ukikata mti umekata na uyoga. Tofauti ni bei. Mhudumu hupima kipande kwenye mizani ndogo mbele yako, hukikwangua juu ya tambi kwa wembe wake, kisha hukipima tena, nawe unalipia gramu zilizopungua. Haupikwi na hauna kileo, kwa hiyo kwako mama hauna tatizo, lakini kama mwenyeji hajasema mwenyewe kwamba analipia, uliza kwanza.

Halafu usiogope mvinyo kuwa mazungumzo ya meza nzima. Uliza kuhusu shamba. Waambie kwamba Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati kule ni mara moja tu, na zabibu yao ya Nebbiolo huchelewa kuiva mpaka Oktoba. Kwangu mimi mwenye mgahawa aliacha chupa mezani akatutoa nje kutuonyesha mizabibu kwa tochi, na glasi yangu ya maji haikuulizwa tena.

Mama wa Vichanja (Ujiji, Kigoma)

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Niliwaandikia wenyeji juzi kwa sentensi ile ya kijana wa Kasulu, na leo asubuhi wamejibu kwamba mpishi amefurahi kujulishwa mapema. Ataniandalia bagna cauda na samaki ataoshwa kwa maji peke yake, kisha tajarin za siagi. Nyama sitaagiza kabisa. Ameuliza pia kama ni kweli kwamba dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa na kwamba mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa nchi kavu. Nimemjibu kwamba ni kweli, na kwamba nitamwonyesha picha za vichanja vyangu tukiwa mezani.

Ndugu Mpishi wa Zamani, nikirudi nitajaribu mchuzi huo kwa dagaa wa Kibirizi. Unadhani nitumie waliokaushwa juani, au niwatie chumvi kwanza?

Mpishi wa Zamani (Kigoma Mjini)

Watie chumvi, mama. Aliyekauka juani hayeyuki, atabaki vipande. Chukua wabichi wa alfajiri, uwatoe vichwa na matumbo, uwapange kwenye ndoo safu ya samaki na safu ya chumvi, uweke jiwe juu, na usiwaguse kwa miezi miwili. Nitakuja mwenyewe kuonja.