Mume akisema hataki watoto ana hesabu, mke akisema ana jini?

Assalaam alaykum wanajamvi. Nimenyamaza mpaka nimechoka, leo naandika.

Mie na mume wangu tuko Wete. Tulikubaliana kabla ya ndoa kwamba hatutaki watoto, sote wawili, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Sasa sikilizeni tunavyopokewa.

Yeye akiulizwa barazani kwenye kahawa hujibu, "Kwa mshahara huu nizae nimlishe nini?" Wazee wanaitikia, kijana ana akili huyo. Kuna hata aliyemtetea kwa azl, yaani mume kumwaga nje ili mke asishike mimba, kwamba masahaba waliifanya na Qur'ani inateremka. Kweli, hadithi ya Jabir imo katika Bukhari na Muslim. Lakini mbona hamuendelei mkasema kwamba wanazuoni wengi wameshurutisha ridhaa ya mke? Kumbe mke naye ana kauli! Yangu iko wapi?

Mie nikiulizwa sitaji mshahara. Nasema kweli yangu: ni kifungua mimba, nimelea wadogo zangu saba, wenzangu wakicheza mie nina mtoto mgongoni. Kulea nakujua na sikutaki tena. Hapo ndipo balaa linapoanza. "Astaghfirullah, una jini mahaba wewe!" "Vidonge vya majira vimekuharibu!" Mavyaa kaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, na kanisimamia mpaka tone la mwisho. Maneno ya Mungu nayaheshimu, nikanywa. Lakini mie si mgonjwa jamani!

Wengine eti tunaua ukoo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ukoo gani huo unaokufa?

Wanachotaka niseme nakijua: "Mungu hajajaalia." Nikisema hivyo napewa pole na naachwa nipumue. Yaani mwanamke ana ruhusa ya kukosa, ya kutotaka hana. Mko wangapi humu mnaosema hivyo na roho inakuumeni?

Na sasa wifi kashamtafutia kaka yake mke wa pili, binti wa Konde, eti huyo atazaa. Kumbe yale maneno ya barazani kwao hayajafika! Mbele ya mama yake mume wangu anainama, kimya, aibu naibeba mie. Nimemwambia: Ijumaa tukienda kula kwao aseme mwenyewe, mavyaa asikie, wifi asikie. Asiposema nitasema mie, na "Mungu hajajaalia" haitonitoka mdomoni.